Pareto, Mende na Maikrowevu ya Mathe

Mende wa kwanza alitokea kwenye saa. Nasema saa ya maikrowevu, ile ya namba za kijani. Mathe alikuwa anapashia mteja sambusa mbili za kuonja, na mteja mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo jikoni, wakijadili chakula cha watu 80 cha ruracio huko Bahati. Zilikuwa zimebaki sekunde 12. Mende mdogo wa kahawia akapita nyuma ya kioo, juu ya zile namba, polepole kama mtu anayevuka barabara ya mtaa wake. Mteja akamwona. Mathe akamwona. Mimi nikajifanya sijaona kitu.

Mteja alimaliza chai, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Hiyo ndiyo ilikuwa oda kubwa zaidi ambayo mathe amewahi kukaribia kupata tangu aanze kupikia watu kutoka nyumbani. Ingelipa kodi ya miezi miwili. Na nusu ya aibu ilikuwa yangu, kwa sababu maikrowevu nilimletea mimi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi kwake Kaptembwo na begi moja, na makala yangu ya kwanza kulipwa ndiyo ilinunua hiyo mashine ya mtumba. Nilitaka aone kuwa kuandika pia ni kazi.

Jioni hiyo alinunua kopo la dawa ya kupuliza, shilingi 480. Akapuliza kila tundu la maikrowevu, kisha nyuma ya friji. Haikuisha dakika moja kabla hawajaanza kutoka, wengi kuliko tulivyowahi kuwaza. Wengine walianguka chali wakipiga miguu hewani. Wengine walipanda ukuta wakaingia kwenye ufa wa bomba, wakaelekea kwa jirani. Asubuhi ya tatu walikuwa wamerudi kwenye saa.

Mtu asiye na pesa husoma lebo. Nikasoma ya kopo. Viambato vikali vilikuwa viwili, na majina yote mawili yaliishia na "thrin". Nikaanza kufuata hizo herufi kwenye simu, usiku, bando ikiisha na kununuliwa tena. Nilidhani zitanipeleka maabara fulani ya ng'ambo. Zilinipeleka huko pia, lakini kabla ya hapo zilinipitisha kwenye kiwanda kilicho hapa Nakuru, na kwenye mikono ya shosho yangu.

Kuna ua jeupe lenye moyo wa manjano. Sisi tunaliita pareto. Kwao kwa asili ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, na katika karne ya 19 unga wake ulikuwa ukiuzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya viroboto, kunguni na mende. Wajapani walilipanda kwa wingi, na mwishoni mwa karne hiyo Eiichiro Ueyama alichanganya unga huo na vitu vinavyoungua polepole, akapata udi wa kufukuza mbu. Koili unayowasha chumbani kipindi cha mvua ni mjukuu wa udi huo.

Kenya ililipokea mwishoni mwa miaka ya 1920, kupitia masetla. Ua hili linapenda baridi, na sehemu za juu za Bonde la Ufa zina baridi ya kutosha: Molo, Elburgon, Mau Narok, na ng'ambo ya pili Kinangop na Ol Kalou. Ardhi hiyo ilikuwa imetengewa Wazungu. Waafrika waliishi humo kama maskwota, wakilipia nafasi ya kujenga na kulima kwa kufanya kazi. Kahawa inahitaji mitambo ya kukoboa, ng'ombe wa maziwa wanahitaji daktari. Pareto ilihitaji mikono. Maua hayafunguki siku moja, kwa hiyo shamba lile lile huchumwa tena na tena, kila baada ya wiki mbili au tatu, ua moja moja.

Shosho alikuwa kati ya mikono hiyo. Alikuwa na miaka kama kumi, kabla tu ya Emergency ya 1952, kwenye shamba la setla upande wa Molo. Nilipompigia simu kumuuliza, hakuanza na historia. Alianza na vidole. Unapitisha shina katikati ya vidole viwili, unavuta kichwa cha ua, unaacha shina. Ukichuma na shina, nyapara anamwaga kikapu chako. Ua bichi ni maji matupu: takriban kilo nne au tano zikianikwa hubaki moja. Alisema uso ulikuwa ukiwasha siku nzima, na wasichana walikuwa wakipiga chafya kwa zamu.

"Na mende je?" nikamuuliza.

"Mende gani? Kwetu kulikuwa na viroboto. Tulikuwa tunaiba maua makavu kidogo tunaweka chini ya ngozi ya kulalia. Hao hawakurudi."

Anachozungumzia shosho kina maelezo ya kikemia. Ndani ya kichwa cha ua, hasa kwenye vile vijimbegu, kuna kemikali zinazoitwa pairethrini. Ni kidogo sana, kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa ua kavu. Neva ya mdudu ina vijilango vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha ujumbe. Pairethrini hushikilia vijilango hivyo wazi. Ujumbe unakosa kukoma, mdudu anatetemeka, anaanguka. Kwa binadamu na mifugo madhara yake ni madogo zaidi kwa sababu miili yetu huivunja haraka, na hata jua huimaliza kwa muda mfupi.

Halafu vita vikaja. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyokuwa ikiuza pareto nyingi zaidi. Ilipoingia vitani mwaka 1941, Uingereza na Marekani zilibaki zikitegemea Kenya, na ua likawa mali ya kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakiumwa na malaria kama walivyokuwa wakipigwa risasi. Miaka hiyo hiyo, watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitengeneza kopo la chuma lenye gesi iliyobanwa, dawa ya pareto, na mafuta ya simsim ambayo huipa pareto nguvu zaidi. Unabonyeza, ukungu unatoka. Mamilioni ya makopo hayo yalienda na askari. Kopo la dawa ya nywele, la rangi ya gari, na lile mathe alilonunua kwa 480, yote yanatoka kwenye ukoo huo.

Kwa hiyo kopo la kwanza lilitegemea ua la aina ile ile ambayo wakati huo ilikuwa ikichumwa na watoto wa maskwota wa Molo. Nilimwambia shosho hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hao askari walijua.

Baada ya vita DDT ilikuwa rahisi na ilikaa muda mrefu, pareto ikasukumwa kando. Lakini DDT ilikaa muda mrefu kupita kiasi, na Rachel Carson alipochapisha kitabu chake mwaka 1962, dunia ikaanza kutafuta tena dawa inayokufa yenyewe. Wakati huo huku kwetu mambo yalikuwa yamegeuka. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikuwa umeanza kuwafungulia Waafrika mazao ya biashara, na baada ya uhuru familia nyingi zilizopewa mashamba kwenye skimu zilipanda pareto. Familia ya shosho ilipata ekari chache. Maua sasa yalikuwa yao. Yalikaushwa, yakaletwa kiwandani Nakuru, yakakamuliwa mafuta mazito, na mafuta hayo yakasafirishwa. Kuna miaka Kenya ilitoa zaidi ya asilimia 70 ya pareto yote ya dunia. Mji huu ulikuwa ukiua mende wa Chicago.

Ila tuliuza mafuta, si kopo. Na wenye makopo hawakulala. Mwaka 1949 wanakemia wa Marekani walitangaza alethrini, nakala ya kwanza ya pairethrini iliyotengenezwa maabara. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini, nakala ambayo jua haliimalizi haraka. Hizo ndizo herufi "thrin" kwenye lebo ya mathe. Kufikia miaka ya 2000 wakulima wetu walikuwa wakikaa miezi, wengine miaka, bila kulipwa. Waling'oa ua, wakapanda viazi. Tasmania, kisiwa cha Australia ambako pareto huvunwa kwa mashine, ikachukua nafasi yetu. Sheria ya Pareto ya 2013 ilifungua biashara kwa kampuni binafsi, na Kaunti ya Nakuru imekuwa ikigawa miche kwa wakulima. Ua linarudi, taratibu. Kwa shosho bado ni viazi.

Sasa turudi jikoni, kwa sababu mende naye ana historia yake.

Yule mdogo wa kahawia anaitwa kisayansi Blattella germanica, mende wa Ujerumani, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1767. Wajerumani wameonewa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha alitokana na mende wa porini wa Asia Kusini takriban miaka 2,100 iliyopita, akasambaa na biashara, majeshi na meli. Haishi msituni tena. Anaishi na sisi tu. Anachotafuta ni joto, maji na ufa mwembamba wa kujibana, na hakuna kitu kinachompa vyote hivyo kama vyombo vya umeme. Nyuma ya friji kuna kompresa yenye joto usiku na mchana, na chini yake trei inayokusanya maji. Maikrowevu ina saa isiyozimwa, matundu ya hewa na mvuke wa mafuta ya sambusa. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, akikishikilia mpaka karibu yaanguliwe.

Na amesoma. Vizazi vingi vimepuliziwa nakala za pareto, na katika sehemu nyingi za dunia waliobaki ni wale ambao vijilango vya neva zao vimebadilika, dawa haivishiki tena vizuri. Hata wale wasio na kinga hiyo, ukiwapuliza dawa ya jamii hii inawatibua watoke mafichoni, ndiyo maana wanaoua wadudu kwa kazi huitumia kuwatoa ili wajue walipo. Mathe alidhani anawaua. Alikuwa anawahamisha kwa mama Brayo.

Kwa hiyo tukaacha kopo. Nilichomoa friji na maikrowevu. Maikrowevu sikuifungua mwenyewe, na wewe usiifungue: ndani kuna kapasita inayoweza kukaa na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Wala usipulize dawa ndani, kwa sababu makopo mengi yana mafuta na gesi zinazoshika moto. Nilimpelekea fundi ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akaifungua na kuisafisha. Mimi nikabaki na friji. Trei nikaimwaga, mafuta ya nyuma nikayasugua kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, ufa wa bomba nikauziba. Tukaweka matone madogo ya jeli ya chambo kwenye bawaba za kabati na karibu na kompresa, na asidi ya boriki kutoka duka la dawa, vumbi jembamba tu, mbali na chakula na watoto. Mende anakula chambo, anaenda kufia kwao, wenzake wanakula kinyesi na mizoga yake, nao wanakufa. Ni kazi ya polepole. Karatasi ya gundi chini ya friji ilinasa 31 usiku wa kwanza.

Sehemu ngumu ilikuwa majirani. Mathe hakutaka wajue, kwa sababu kwetu mende maana yake ni uchafu. Lakini ploti ina bomba moja, na ukitibu nyumba moja unawapangia mende likizo tu. Mwishowe alienda mlango kwa mlango na kifuko cha jeli. Nyumba 11 kati ya 16 zilikubali. Mama Brayo alicheka mpaka akashika ukuta: yeye alidhani ni wake peke yake, na alikuwa akiwaficha tangu Krismasi. Wiki ya tano gundi ilinasa wanne.

Shosho alikuja mwezi uliopita. Aliliona lile kopo juu ya kabati, bado lina nusu, akaliinua karibu na macho na kuuliza bei. Nikamwambia. Akafungua kifuniko, akanusa, akakunja uso.

"Hii si pareto," akasema. "Sijapiga hata chafya."

Alilirudisha juu ya kabati, akaenda kumsaidia mathe kukunja sambusa. Ilikuwa oda ya watu 20, ya mama Brayo.