Si kila kijani ni malisho: Satelaiti inavyosoma ardhi kavu

Ukiangalia picha za satelaiti za Baringo nchini Kenya wakati wa kiangazi, utaona kijani kingi karibu na ziwa. Utadhani ng'ombe wameshiba. Kumbe ni mathenge, mti wa miiba uliopandwa huko miaka ya 1980 kuzuia mmomonyoko, kisha ukaenea na kusonga nyasi. Wafugaji wa Ilchamus waliishtaki serikali kwa ajili yake, wakafika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu.

Sasa, satelaiti inajuaje kijani ni kijani? Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Tofauti hiyo hugeuzwa kuwa kipimo kinachoitwa NDVI: kikikaribia 1, majani ni mengi, kikikaribia 0, ni udongo mtupu.

Picha za Landsat ya Marekani zipo tangu 1972, na leo nukta yake moja ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2 ya Ulaya huona hadi mita 10.

Lakini picha ya mwaka mmoja haitoshi. Mvua ikikosa, nyasi hukauka; ikirudi, huota tena. Huo ni ukame tu. Ardhi iliyochoka ni ile inayopata mvua ya kutosha na bado nyasi hazirudi, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha kijani na rekodi za mvua za miaka mingi.

Kipimo kikikosea, mfugaji ndiye anayeumia. Marsabit, kaskazini zaidi, bima ya mifugo iliyoanza 2010 hulipa kwa kuangalia NDVI, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Vichaka visivyolika vikionekana kama malisho, fidia inaweza isije wakati zizi linazidi kuwa tupu.

Kwa mathenge, dawa ni kuchagua msimu. Watafiti hutembea na GPS kuweka alama ulipo mti huo, halafu kompyuta inafundishwa kuutafuta kwenye picha za kiangazi. Wakati huo nyasi zimeshakauka, ila mathenge bado ni kijani, maana mizizi yake hufika kwenye maji yaliyo chini sana ardhini.