Shahanga wa Hanang na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola

MEDALI tatu za kwanza za dhahabu ambazo Tanzania ilizipata katika Michezo ya Jumuiya ya Madola zililetwa na wanariadha wawili tu, na wote wawili walizaliwa katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa wilaya moja, yaani Mbulu.

Wa kwanza ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyeshinda mbio za mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Wa pili ni Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda mbio za marathoni mwaka 1978 na mbio za mita 10,000 mwaka 1982.

Hanang ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969 na Karatu ikafuata katika miaka ya 1990. Mkoa wa Manyara wenyewe, ambao ndani yake zimo leo Mbulu na Hanang, ulianzishwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha. Ndiyo sababu kumbukumbu nyingi za zamani huwataja wanariadha hawa kuwa ni watu wa Arusha.

Edmonton, 1978

Michezo ya mwaka 1978 ilifanyika Edmonton, Canada. Kwa Tanzania ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa miaka miwili kabla yake nchi ilisusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Wanariadha waliokuwa katika kilele cha uwezo wao, Bayi akiwa mmojawapo, walikosa Olimpiki hiyo.

Katika marathoni iliyokimbiwa Agosti 1978, macho ya wenyeji yalikuwa kwa Jerome Drayton wa Canada, bingwa wa Boston wa mwaka 1977 na mshindi mara tatu wa marathoni ya Fukuoka, Japani. Shahanga, aliyezaliwa Septemba 1957, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 21.

Kijana huyo alimaliza kilometa 42.195 kwa saa 2:15:39, sawa na wastani wa dakika 3 na sekunde 13 kwa kila kilometa. Drayton alifika wa pili kwa saa 2:16:13, na Mkanada mwingine, Paul Bannon, akawa wa tatu kwa saa 2:16:51. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ambayo Tanzania iliipata Edmonton. Katika mita 1,500, Bayi alitoka na fedha baada ya kuzidiwa na David Moorcroft wa Uingereza kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Brisbane, 1982

Miaka minne baadaye, mjini Brisbane, Australia, Shahanga alishuka uwanjani kukimbia mita 10,000. Mbio hizi huwa na mizunguko 25, na ni kazi tofauti na marathoni, kwani mkimbiaji huhitaji kasi ya mwisho ambayo barabarani si lazima kuitumia.

Pamoja naye alikuwepo Mtanzania mwenzake, Zacharia Barie. Wawili hao walikuwa wakifahamiana vyema, kwani wote walisoma na kukimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, ambacho katika miaka hiyo kiliwapokea wanariadha kadhaa kutoka Afrika, Suleiman Nyambui akiwa miongoni mwao.

Shahanga alikata utepe kwa dakika 28:10.15, wastani wa sekunde 67.6 kwa kila mzunguko. Barie alifika nyuma yake kwa dakika 28:10.55. Baada ya kilometa 10, Watanzania hao walitenganishwa na sekunde 0.40 tu. Julian Goater wa Uingereza aliambulia shaba.

Shahanga hakuishia hapo, bali alirudi barabarani kutetea taji lake la marathoni. Yeye na Juma Ikangaa walitangulia kwa kasi kubwa na kuwaacha wengine mbali, lakini Robert de Castella wa Australia aliwafuata na kuwapita. De Castella alishinda kwa saa 2:09:18, Ikangaa akapata fedha kwa saa 2:09:30, na Shahanga akamaliza nje ya medali. Baadaye alishinda marathoni ya Rotterdam mwaka 1984 na ile ya Vienna mwaka 1990.

Nyanda zenye wakimbiaji

Hanang ni wilaya iliyo chini ya mlima wa jina hilo, wenye urefu unaozidi mita 3,400, na makao yake makuu ni Katesh. Upande wa Mbulu nao ni nyanda za juu. Mahali pa mwinuko wa namna hiyo hewa ina oksijeni kidogo zaidi kuliko pwani, na mwili wa anayeishi na kufanya mazoezi huko huzoea kwa kuongeza chembechembe nyekundu za damu. Hata hivyo mwinuko peke yake hautoshi, kwani vipo vilima vingi vya Tanzania ambavyo havijatoa bingwa.

Mfano nao una nguvu yake. Kabla ya Bayi na Shahanga alikuwepo John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Wakimbiaji 18 kati ya 75 waliacha njiani, lakini yeye aliingia uwanjani akiwa amefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Waliofuata

Tanzania ilipata tena dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kupitia Francis Naali mjini Manchester mwaka 2002 na Samson Ramadhani mjini Melbourne mwaka 2006. Mbulu nayo ilimtoa Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia kwa saa 2:03:00 mwaka 2022, akaweka rekodi ya taifa, kisha akawa wa pili Boston mwaka 2023.

Mwaka 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa mkoa jirani wa Singida aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, katika marathoni. Lakini dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 10,000 za wanaume, ile iliyopatikana Brisbane, imebaki kuwa ya Shahanga peke yake miongoni mwa Watanzania.