Jinsi ya kumtibu samaki mgeni aliyeugua katika tangi la matumbawe

Na MWANDISHI WETU

MVUVI wa Wiyoni, kisiwani Lamu, akiopoa dema lake huenda akapata kangaja miongoni mwa tasi na changu. Kwake yeye, hicho ni kitoweo. Hata hivyo, kuna kangaja mmoja anayesakwa kwa sababu tofauti. Huyo ni kangaja wa samawati, mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, ambaye kwa lugha ya sayansi huitwa Acanthurus leucosternon. Thamani yake ni uzuri wake.

Kenya ni miongoni mwa nchi za Bahari Hindi zinazouza samaki wa mapambo katika nchi za ng'ambo. Wapiga mbizi, hasa wa pwani ya kusini, huwanasa wakiwa hai. Kisha samaki hao husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki iliyotiwa maji na oksijeni, hadi wafike katika matangi ya kioo yaliyopambwa kwa matumbawe hai.

Wanaofuga samaki wa aina hiyo wanamjua kangaja wa samawati pia kwa sifa isiyopendeza: ni mwepesi wa kuugua. Siku chache baada ya kuwasili, mwili wake huweza kujaa vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi.

Maradhi hayo huletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hiki hujichimbia chini ya ngozi na katika matamvua, hula kwa siku tatu hadi saba, kisha hudondoka. Kikifika chini hujifungia ndani ya kifuko kigumu na kugawanyika. Kifuko kimoja huweza kutoa vimelea wachanga hadi 200, ambao hufa wasipompata samaki upesi.

Mwambani, maji kupwa na maji kujaa huwatawanya wachanga hao, na ni wachache wanaokutana na samaki. Katika tangi hakuna pa kutawanyikia. Samaki hulala palepale palipo na vifuko, na kila kizazi kipya humrudia kwa wingi zaidi. Ndiyo maana ugonjwa ambao baharini ni kero ndogo huwa kifo ndani ya kioo.

Tahadhari: vidoa vikitoweka, mwenye tangi asishangilie. Huenda vimelea wameshuka tu kwenda kuzaana.

TAMBUA UGONJWA

Vidoa vinavyohesabika, samaki kujikwaruza kwenye mawe na kukataa chakula ni dalili za maradhi yaliyoelezwa hapo juu. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, pamoja na kuhema kwa kasi, huashiria Amyloodinium, kimelea kingine kinachoweza kuua kwa siku moja au mbili. Vidonda vyekundu na mapezi yanayooza huelekeza kwenye bakteria, na hapo ni vyema kumwendea daktari wa mifugo kabla ya kutumia dawa.

USITIE DAWA KATIKA TANGI KUU

Kosa kubwa ni kumimina dawa palepale penye matumbawe. Dawa iliyozoeleka zaidi ni shaba, ambayo asili yake ni mrututu. Kipimo kinachomuua kimelea huwaua pia matumbawe, kamba na konokono. Aidha, mawe ya chokaa, kama yale yaliyojengea nyumba za mji wa kale wa Lamu, hunasa shaba. Nguvu ya dawa hupungua, nayo mawe hubaki na sumu.

Kwa hivyo, mhamishe mgonjwa hadi tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe. Weka vipande vya bomba la plastiki ajifiche, pampu ya hewa, na maji yenye joto na chumvi sawa na ya alikotoka. Pima amonia kila siku na ubadilishe maji ikionekana, kwa kuwa nayo huua upesi sawa na ugonjwa.

NJIA ZA TIBA

Shaba: Shaba huru hudumishwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita moja, kwa wiki tatu hadi sita, na hupimwa kila siku. Shaba ya dukani iliyochanganywa na kemikali nyingine hufuata kipimo cha mtengenezaji. Usikisie kwa mrututu wa shambani.

Kupunguza chumvi: Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Hushushwa polepole hadi gramu 16 na kudumishwa kwa wiki tatu au zaidi, kisha chumvi hurudishwa taratibu. Njia hii haifai dhidi ya Amyloodinium.

Kumwogesha samaki katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika chache huwaondoa minyoo wa ngozi, lakini hakuponyi maradhi ya vidoa, kwani kimelea kimejificha chini ya ngozi.

TANGI KUU LIKAE BILA SAMAKI

Samaki wote watolewe na kutibiwa, hata wanaoonekana wazima. Vifuko vingi hupasuka ndani ya siku nane, ila vimewahi kuonekana vikidumu siku 72. Wanaotaka uhakika huliacha tangi bila samaki kwa muda huo wote. Matumbawe na konokono hubaki, maana kimelea hiki hakiwashambulii.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Kila samaki mgeni akae katika karantini kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Mwisho, kwa wanaoishi kando ya bahari: samaki mgonjwa asirejeshwe majini kwa huruma, wala maji yenye shaba yasimwagwe ufukweni au mikokoni. Huko ndiko wanakokulia samaki wachanga ambao kesho wataingia katika dema la mvuvi.