Gego la Mtoto: Historia ya Uvimbe wa Taya Kutoka Arua Hadi Koboko

Mtoto huanza kung'oka meno ya utoto akiwa na miaka sita hivi, na linalotangulia ni la mbele. Magego husubiri zamu yake: miaka tisa, kumi, hata kumi na miwili. Mama yeyote aliyelea anaujua mpangilio huu bila kuambiwa na daktari. Kwa hiyo gego la mtoto wa miaka minne likianza kucheza, na ufizi unaolishika ukafura hata shavu likapanda, huyo si mtoto anayebadilisha meno.

West Nile, kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, inalijua gego hilo kwa muda mrefu. Kutoka Arua mpaka Koboko wanakaa Walugbara, Wakakwa na Wanubi, na sokoni Kiswahili kinasikika kila upande, urithi wa askari na wafanyabiashara. Eneo hili liliwahi kuwa mikononi mwa Wabelgiji, likapewa Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Kwa miongo mingi Kampala ililiona kuwa mahali pa kuandikisha askari na vibarua. Hata hivyo, ni watoto wa huku waliosaidia ulimwengu kuelewa kwamba kirusi kinaweza kushiriki katika kumletea binadamu saratani. Habari hiyo haisimuliwi vya kutosha nyumbani kwake.

Kilomita chache kusini mwa Arua ipo Hospitali ya Kuluva. Walioijenga ni wamisionari, madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, ambao kazi yao ilianza miaka ya 1940. Hapo palitibiwa ukoma, ngiri, uzazi uliokwama na malaria isiyokwisha. Palitibiwa pia watoto waliovimba taya. Ted Williams alikuwa na tabia moja ambayo baadaye ilikuwa na thamani kuliko mashine yoyote: aliandika. Kila mtoto aliyefika na uvimbe aliandikiwa nyumbani kwao ni wapi hasa, na dalili zilianza lini. Madaktari wengi wa vijijini waliouona ugonjwa huu kabla yake waliishia kusikitika.

Ugonjwa wenyewe ulikuwapo siku zote. Watafiti walipofungua tena kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, Kampala, zilizoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, waliwakuta watoto wa namna hiyohiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha habari. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa wodini kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Haikueleweka: jipu halianzi pembe nne kwa mpigo, na saratani iliyojulikana wakati ule haikuwa na mwendo huo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Burkitt alisema baadaye kwamba jambo likitokea mara moja ni ajabu tu, likitokea mara mbili lina maana. Alikwenda kupekua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha makala juu ya watoto 38.

Ufizi na meno vilikuwa mlango wa ugonjwa huo. Uvimbe huanzia ndani ya mfupa wa taya, kuzunguka mizizi ya magego, ukaula ukuta mwembamba wa mfupa unaolishika jino. Kwenye picha ya eksirei ukuta huo hupotea kabla uso haujavimba. Kisha jino hulegea, husukumwa upande, ufizi hujaa na kufura, na meno yanakaa ndani ya nyama laini bila mfupa chini yake. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo taya linavyoelekea kuguswa. Wakubwa zaidi huvimba tumbo. Na mwendo wake ni wa kutisha: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Fikiria basi maisha ya mtoto huyo. Kutafuna kunamshinda, kwa hiyo uji unakuwa chakula cha asubuhi na cha jioni. Midomo haifungi, mate yanachuruzika mchana kutwa. Maneno yanatoka yakiwa mazito, na wenzake wanaacha kumwelewa, halafu wanaacha kumwita mchezoni. Uvimbe wa taya la juu ukipanda, jicho linasukumwa nje. Nadhani hapa ndipo vitabu vya tiba vinapotupunja: vinapima uvimbe kwa sentimita, na havimpimi mtoto aliyejificha nyuma ya nyumba wageni wanapokuja.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaanzia wapi na kuishia wapi. Serikali ilimpa ruzuku ya paundi 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma hospitali mbalimbali za Afrika. Majibu yalipoanza kuunda ramani, aliamua kwenda mwenyewe. Oktoba 1961 walipanda gari la Ford lililokwishatumika, yeye, Cliff Nelson ambaye alikuwa daktari mmisionari wa Kanada, na Ted Williams wa Kuluva. Williams alichukuliwa kwa ajili ya udaktari wake na pia kwa sababu alijua kutengeneza magari. Waliendesha wiki kumi, maili 10,000, wakapita hospitali zaidi ya 50 mpaka Johannesburg na kurudi. Gharama zote zilifika paundi 678. Sijui utafiti mwingine wa saratani uliozaa matunda makubwa kwa fedha ndogo kama hizo.

Walichokiona ni kwamba uvimbe unafuata joto na mvua. Penye baridi ya milimani, kama nyanda za juu za Rwanda na Burundi, haupo. Penye joto na maji, kama kando ya Mto Nile na Ziwa Viktoria, upo. Wengine wakasema basi huenda mbu anahusika. Mapema mwaka huohuo wa 1961, katika hotuba aliyoitoa Burkitt kwenye Hospitali ya Middlesex, London, alikuwapo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika kikiwa kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Epstein alipoyatazama aliona ni seli hai, zinaelea. Kutokana na seli za namna hiyo, mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Kirusi hicho husafiri kwa mate. Karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki hukipata akiwa mdogo, na walio wengi hawapati hata homa ya kukumbukwa. Kama wote wanacho, kwa nini wachache tu wanaugua? Swali hilo ndilo lililowarudisha wataalamu West Nile.

Walirudi kwa sababu ya madaftari ya Kuluva. Mwaka 1967, Williams na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa wa wilaya ya West Nile kutoka 1961 hadi 1965, wakaonyesha kwamba uvimbe hautokei ovyo: watoto wanaougua kipindi kimoja walielekea kuwa majirani. Mwaka 1974 wakaonyesha kwamba kuanza kwa dalili nako kunafuata majira ya mwaka. Hesabu hizo zisingewezekana bila mtu kumuuliza mama, jioni, amechoka na safari, akiwa na mtoto mgongoni: nyumbani ni upande gani wa mto? Gego lilianza kulegea kabla ya mavuno au baada?

Kisha ikaja kazi kubwa kuliko zote. Kuanzia mwaka 1972, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, chini ya Guy de-Thé, lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile waliokuwa wazima, umri wao kutoka wachanga mpaka miaka minane. Damu iligandishwa na kuhifadhiwa, kisha watafiti wakasubiri. Mtoto akiugua uvimbe, walirudi kwenye chupa yake ya zamani na kuuliza damu ilikuwa inasema nini kabla ya taya kuvimba. Majibu yalichapishwa mwaka 1978: waliougua walikuwa na kingamwili za kirusi hicho kwa kiwango cha juu kuliko wenzao, miezi mingi hata miaka kabla ya dalili.

 Mimi naona heshima ya kazi hiyo inastahili West Nile. Wazazi wa watoto 42,000 walikubali mtoto mzima, asiyelia na chochote, achomwe sindano kwa faida ya mtoto wa mwingine. Walifanya hivyo miaka ya utawala wa Idi Amin, wakati Mganda yeyote alikuwa na sababu ya kumwogopa mtu mwenye daftari anayeuliza majina. Mwaka 1979 Amin, ambaye kwao kunahesabiwa Koboko, aliangushwa, na vita vikaifuata West Nile. Watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, na ufuatiliaji ukakatika.

Upande wa pili wa swali ulikuwa malaria. Kuumwa malaria mara kwa mara huivuruga kinga ya mtoto na kuzipa nafasi seli zilizobeba kirusi zizaane kupita kiasi. Huko Tanzania, Mara Kaskazini, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umekwishaanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo hukumu haikupatikana. Hivi karibuni, kati ya 2010 na 2016, utafiti wa Uganda, Kenya na Tanzania ulioongozwa na Sam Mbulaiteye uliwaandikisha watoto wenye uvimbe huu, na Kuluva ikawa tena mojawapo ya vituo vyake. Madaftari yakafunguliwa upya.

Na tiba? Hapa ipo furaha ya kweli. Upasuaji haukufaa, maana huwezi kukata uso wa mtoto pembe nne. Mionzi haikuwapo Uganda. Burkitt akaomba dawa mpya za saratani, akawapa watoto kwa dozi ndogo kuliko za Ulaya, na akaona kitu ambacho wengi hawakukisadiki: uvimbe ukiyeyuka ndani ya siku chache. Mtoto aliyeingia wodini bila uso anatoka akicheka, mfupa wa taya ukijijenga upya. Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huu kilifunguliwa Mulago kwa msaada wa Marekani, kikiongozwa na John Ziegler, na Wamarekani walipoondoka zama za Amin, kazi ikabaki mikononi mwa Waganda, akiwamo Charles Olweny. Hapo ndipo Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipopata mizizi.

Lakini kutoka Arua mpaka Mulago ni karibu kilomita 500, kupitia Pakwach na Karuma. Anayetoka Koboko anaongeza kama 50 nyingine. Lami ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, kilomita 92, imerahisisha kipande cha nyumbani. Nauli, chakula cha mlezi na wiki nyingi za kukaa Kampala bado ni mzigo wa kuuza mbuzi, na baada ya mbuzi, shamba. Dawa haziliwi mara moja. Mtoto anayeonekana amepona baada ya mzunguko wa kwanza hurudishwa kijijini kwa furaha, uvimbe ukarudi, safari hii kwenye ubongo au tumboni.

Jambo lingine linalochelewesha ni kung'oa. Mikono ya kung'oa meno ni ya zamani huku. Walugbara walikuwa na mila ya kutoa meno ya mbele ya chini, na wazee wachache bado wana pengo hilo la heshima. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa meno kutoka Denmark, aliandika jinsi watoto wachanga wa Waacholi walivyochimbuliwa machipukizi ya meno kwa kuyadhania ndiyo chanzo cha homa na kuharisha, desturi ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la meno ya plastiki. Kwa hiyo gego likicheza, wazo la kwanza ni kulitoa. Linatoka kirahisi, maana halina mfupa. Damu inavuja, ufizi hauponi, mtoto anapewa vidonge vya jipu, na wiki mbili zinapita. Kwa uvimbe unaojizidisha kila siku mbili, wiki mbili ni umri mzima. Ugonjwa wa kawaida wa fizi, ule unaoletwa na ugaga, humlegeza mtu mzima meno kwa miaka. Haumng'oi magego mtoto wa chekechea.

Mzazi wa Koboko, wa kambi ya Lobule, wa Terego, wa Vurra: mwanao akiwa hajafika miaka minane na gego lake linatikisika, ufizi umefura au shavu moja limepanda, usimruhusu mtu yeyote aling'oe. Mpeleke hospitali leo, umwambie mganga aliangalie taya kwa eksirei, na uitaje saratani kwa jina lake hata kama hajakuuliza.