Maji ya Kunywa na Takataka za Sumu: Nani Anasimamia, na Taarifa Tunaipeleka Wapi?



Kila wiki kituo cha afya kinahesabu wagonjwa wa kolera na kuhara damu, na hesabu hiyo inapanda mpaka ofisi ya zone ya afya. Njia hiyo tumeizoea. RECO anaijua, IT anaijua, na kolera ikitokea, klore inaletwa. Lakini maji yakiharibiwa na zebaki, sianidi, mafuta ya mashine ama takataka za dawa, orodha ile ya kila wiki haikutengenezwa kwa ajili ya mambo hayo. Sumu ya namna hiyo inaweza kukaa miaka mtoni bila kuandikwa popote. Taarifa yake inaanza kwa watu wanaoteka maji pale. Wao wakinyamaza, sheria nayo inalala.

Makala hii inaeleza mambo matatu: sheria ya nchi yetu inasema nini, ofisi gani zinahusika, na namna gani jamii inaandika taarifa inayoweza kusomwa na kujibiwa.

Hatari za aina mbili

Hatari ya kwanza ni vijidudu. Hivyo vinakufa kwa kuchemsha maji ama kwa klore. Mahali maji yanapotiwa dawa, klore inayobaki katika bidoni inapaswa kuwa miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, na kifaa kidogo cha kupima rangi kinatosha kuonyesha hiyo. Choo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji.

Hatari ya pili ni sumu za kemia. Hapo kuchemsha hakusaidii, na klore haisaidii. Katika teritwari yetu, watu wengi wanaishi kwa dhahabu, kama kule Misisi. Wachimbaji wanatumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha wanaichoma. Hatari iliyo kubwa kabisa ni moshi wake, zaidi kama inachomwa ndani ya nyumba ama kwenye jiko la chakula: unaharibu mishipa ya fahamu, na unafikia mtoto aliye tumboni. Zebaki inayobaki inaingia matopeni, vijidudu vinaigeuza, na inapanda kutoka kiumbe kidogo mpaka samaki. Ndivyo watu wa Minamata, Japani, walivyougua kwa kula samaki wa bahari yao. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956, na ulitokana na kiwanda kilichomwaga zebaki majini.

Sianidi ni tofauti. Inaua samaki na mifugo kwa haraka, halafu inapungua kwa jua na hewa. Anayekuja kupima baada ya wiki moja anaweza kukuta maji yanaonekana salama. Kwa hiyo tarehe na saa ya tukio ni jambo kubwa katika taarifa.

Tukumbuke pia kwamba mito ya milima yetu haiishii kwetu. Mutambala inashuka katika ziwa Tanganyika. Kimbi inaingia Luama, na Luama inaingia Lualaba. Kinachomwagwa juu kinanyweka chini, na watu ambao hatutawaona kamwe.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi kuliko wengi wanavyofikiri. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, tena kinamwekea wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 54 kinasema uharibifu unaotokana na kazi ya uchumi unadai fidia ama matengenezo. Kifungu cha 55 kinahesabu kumwaga takataka za sumu katika maji ya nchi kuwa jinai, hata kama takataka hizo hazikutoka nchi ya kigeni.

Kuna sheria tatu za kufahamu chini ya katiba:

- Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, kuhusu ulinzi wa mazingira. Inadai uchunguzi wa madhara ufanywe kabla ya mradi mkubwa kuanza.
- Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, kuhusu maji. Inaweka maeneo ya ulinzi kuzunguka vyanzo vya maji ya kunywa, na inapeleka kazi ya huduma ya maji kwa majimbo, miji, sekta na shefri. Maana yake, mkuu wa sekta hawezi kusema maji ni jambo la Kinshasa peke yake.
- Kodi ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kifungu chake cha 285 bis kinamlazimisha mwenye haki ya kuchimba kulipa madhara ya kazi yake, hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba alifanya uzembe.

Ofisi na kazi zao

Kituo cha afya, pamoja na CODESA, ndio mlango wa kwanza. Juu yake kuna muganga mkuu wa zone na msimamizi wa maji na usafi. Maji ya vijijini yana huduma yake ya serikali. REGIDESO inahusika na miji. Mambo ya mazingira yako kwa ofisi ya jimbo ya mazingira na kwa ACE, shirika la serikali linalochunguza ripoti za madhara ya miradi. Mambo ya migodi yako kwa Divisheni ya Migodi. SAEMAPE inawafuata wachimbaji wadogo. Jinai inapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa serikali.

Tuseme ukweli: ofisi hizo nyingi ziko mbali, barabara ni mbaya, na pesa za kazi ni kidogo. Mwezi wa 2 mwaka 2025, Bukavu ilipotekwa na AFC/M23, serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Hiyo ni sababu nyingine ya jamii kutunza nakala yake yenyewe. Karatasi iliyopotea ofisini inaweza kuandikwa tena kama ya kwetu ipo.

Tena, malalamiko hayaendi bure kila mara. Mwezi wa 8 mwaka 2021, baada ya kilio cha wananchi wa Mwenga juu ya mito na mashamba yao, gavana wa Kivu Kusini wa wakati huo, Théo Ngwabidje Kasi, alisimamisha kazi za makampuni ya kuchimba dhahabu katika teritwari hiyo.

Namna ya kuandika taarifa

Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa serikali, peke yake ama pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa sababu ameandika ombi hilo. Tutumie haki hiyo kwa utaratibu huu:

1. Andika ulichokiona, usiandike ulichosikia. Tarehe, saa, jina la mto ama chemchemi, rangi, harufu, samaki ama mifugo iliyokufa.
2. Eleza nani wanakunywa pale: vijiji, shule, kituo cha afya, wakimbizi waliopokelewa katika familia.
3. Mwombe IT aongeze hesabu ya wagonjwa bila majina yao.
4. Usitaje mtu kuwa mkosaji. Omba uchunguzi na upimaji. Kazi ya kuhukumu ina wenyewe.
5. Usichote maji ya kupima kwa mkono mtupu. Maabara ya zebaki haiko kijijini, na sampuli ichukuliwe na mtu aliyefundishwa.
6. Toa nakala kwa zone ya afya, mkuu wa sekta na mkuu wa teritwari. Juu ya nakala yako dai muhuri na tarehe ya kupokelewa. Miezi 3 inahesabiwa kutoka siku hiyo.

Machimbo mengi yana watu wenye silaha, na muhuri wa ofisi hauzuii risasi. Kwa hiyo mtu mmoja asiende peke yake, na barua isibebe sahihi ya mtu mmoja. CODESA, wakubwa wa kijiji, akina mama wanaoteka maji na wachungaji wa makanisa mbalimbali watie sahihi pamoja. Tukiwa wengi, hakuna wa kunyoshewa kidole.

Wakati wa kungojea jibu, tafuteni chemchemi iliyo juu ya machimbo ama maji ya mvua, na waja wazito na watoto wadogo wapewe kwanza.

Mfano wa Owino Uhuru

Huko Mombasa, Kenya, mtaa wa Owino Uhuru uliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri za zamani. Watoto waliugua. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani, Phyllis Omido, akaungana na majirani, wakapeleka malalamiko ofisi kwa ofisi kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na katika waliotakiwa kulipa zilikuwemo taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu hiyo mwezi wa 12 mwaka 2024. Walikuwa watu wa kawaida wa mtaa maskini, lakini walikuwa na karatasi zao.

Kanisa lianzie nyumbani

Makanisa yetu yana vituo vya afya, maternite na shule. Kabla ya kuandika juu ya machimbo, kila kamati iulize: sindano zetu zinatupwa wapi? Dawa zilizopita tarehe zinachomwa wapi? Shimo la takataka liko juu ama chini ya chemchemi? Ofisi itakayopokea barua yetu ina haki ya kutuuliza hayo.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wenye nguvu: wanakunywa maji safi, kisha wanayachafua kwa miguu, na wadhaifu wanabaki kunywa matope. Mungu anaona jambo hilo na analihesabu kuwa la hukumu. Basi kulinda chemchemi ya Lubondja si siasa iliyoingia kanisani. Ni uchungaji wenyewe. Kila parokia iweke daftari moja la maji, na mtu mmoja wa kuliandika kila juma baada ya ibada. Bwana awalinde wote wanaoteka na wote wanaokunywa. Amina.