Uuzaji wa umeme wa miradi midogo kwenye gridi ya Taifa: Utaratibu, bei na masharti yake

Maporomoko ya maji katika milima ya Mufindi, mabaki ya miwa katika mashamba ya Moshi na mabaki ya miti ya Njombe yana jambo moja yanayoshirikiana: yote huzalisha umeme ambao sehemu yake huuzwa kwa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Miradi hiyo, inayojulikana kisheria kuwa ni ya wazalishaji wadogo wa umeme, huongeza nishati kwenye mtandao wa umma na huwapatia wananchi wa vijiji vya jirani huduma ambayo pengine wangeisubiri kwa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza msingi wa utaratibu huo, hatua anazopitia mwendelezaji wa mradi, namna bei inavyopangwa, na mambo yanayopaswa kuzingatiwa gridi ya Taifa inapofika mahali palipokuwa na mtandao wake wa pekee.

Msingi wa kisheria

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ndiyo iliyoweka mazingira ya sekta binafsi, taasisi za dini, vyama vya ushirika na jumuiya za wananchi kushiriki katika uzalishaji na usambazaji wa umeme. Chini ya Sheria hiyo, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni, huidhinisha bei na husimamia kanuni za miradi midogo. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, hutoa ruzuku na msaada wa kitaalamu kwa miradi inayonufaisha maeneo ya vijijini.

Mradi mdogo, kwa maana ya utaratibu huu, ni ule unaouza umeme usiozidi megawati 10. Mradi wenye uwezo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni, bali husajiliwa EWURA. Katika kanuni za awali, kwa mradi wa chini ya kilowati 100 masharti yalikuwa mepesi zaidi, kwa kuwa hata bei aliyotozwa mteja haikuhitaji kuidhinishwa kwanza na Mamlaka.

Nguzo ya utaratibu wote ni mkataba sanifu wa mauziano ya umeme. Kabla ya kuwapo kwa mkataba huo, kila mzalishaji alilazimika kujadiliana na shirika la umeme kifungu kwa kifungu, kazi ambayo gharama zake za wanasheria na wataalamu zingeweza kummaliza mwenye mtambo wa megawati moja kabla hajachimba msingi. Mkataba sanifu unawaweka wazalishaji wote katika masharti yaliyo wazi, nayo benki hupata hati ambayo inaweza kuisoma na kuitegemea inapofikiria mkopo.

Hatua za kufuata

Mwendelezaji huanza kwa kupata haki ya eneo na kufanya upembuzi yakinifu wa awali. Kwa mradi wa maji, jambo la msingi katika hatua hii ni kumbukumbu za mtiririko wa mto kwa miaka mingi, hasa katika miezi ya kiangazi. Mtambo uliopimwa kwa maji ya masika peke yake utasimama wakati umeme unapohitajika zaidi.

Hatua ya pili ni kuomba TANESCO barua ya kusudio, ambayo huthibitisha kwamba Shirika liko tayari kuupokea umeme wa mradi katika eneo hilo. Barua hiyo humwezesha mwendelezaji kutafuta vibali vingine, vikiwamo hati ya ardhi, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika, na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira.

Baada ya vibali hivyo hufuata utiaji saini wa mkataba wa mauziano, leseni ya EWURA kwa wanaostahili kuwa nayo, ujenzi, majaribio na hatimaye uwashaji wa mtambo.

Kuunganisha mtambo na laini

Miradi mingi midogo huunganishwa kwenye laini za usambazaji, mara nyingi za msongo wa kilovolti 33. Laini hizo zilijengwa ili kupeleka umeme kutoka mjini kwenda kijijini, hivyo mtambo unaoingiza umeme kutoka upande wa kijijini hubadilisha mwelekeo wa mkondo. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa kiufundi hufanyika kwanza ili kujua kama laini na transfoma zitahimili.

Sharti lisilo na mjadala ni la usalama. Laini ya gridi inapokatika, mtambo unapaswa kujitenga wenyewe mara moja. Fundi anayepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa anaweza kupoteza maisha iwapo mtambo wa jirani bado unaingiza umeme.

Ubora wa laini pia ni suala la mapato. Mzalishaji hulipwa kwa uniti zilizopita kwenye mita. Laini ikikatika kwa saa 10, maji yaliyopita mtoni kwa saa hizo hayarudi, wala fedha yake.

Bei hupangwaje?

Katika awamu ya kwanza ya utaratibu, bei ilitokana na gharama ambayo TANESCO ingeitumia kupata uniti hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2012 bei ya wastani kwenye gridi kuu ilikuwa shilingi 152.54 kwa uniti. Katika miezi ya kiangazi, Agosti hadi Novemba, ilipanda hadi shilingi 183.05, na katika miezi mingine ilikuwa shilingi 137.29. Tofauti hiyo ilimpa motisha mzalishaji awe na umeme wakati mabwawa ya Taifa yanapopungua maji.

Kwa mitandao iliyotengana na gridi kuu, ambako TANESCO ilitumia jenereta za dizeli, bei ya mwaka huohuo ilikuwa shilingi 480.50 kwa uniti.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana kwa hesabu rahisi. Mtambo wa megawati 1 unaofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake kwa mwaka mzima huzalisha uniti 4,380,000. Kwa bei ya wastani ya gridi kuu, mapato yake yangekuwa takriban shilingi milioni 668. Kwa bei ya mtandao uliotengana yangezidi shilingi bilioni 2.1. Mto ni uleule na mtambo ni uleule. Kilichotofautiana ni mahali ulipounganishwa.

Utaratibu wa awamu ya pili, ulioanza mwaka 2015, ulibadili msingi huo. Bei za miradi ya maji na tungamotaka zilipangwa kulingana na teknolojia na ukubwa wa mradi, mradi mdogo zaidi ukipata bei ya juu kwa uniti kwa kuwa gharama yake ya ujenzi kwa kila kilowati huwa kubwa. Kwa jua na upepo, ambazo gharama za mitambo yake zilikuwa zikishuka kwa kasi, njia iliyochaguliwa ni ushindani wa zabuni.

Mifano iliyopo nchini

Mradi wa Mwenga uliopo Mufindi, mkoani Iringa, wenye uwezo wa megawati 4, ulianza kuzalisha mwaka 2012. Umeme wake huenda katika shughuli za chai, katika vijiji vinavyouzunguka na katika gridi ya Taifa. Mwaka 2020 uliongezewa mitambo ya upepo yenye megawati 2.4, kwa kuwa katika eneo hilo upepo huvuma vizuri wakati ambapo maji ya mto hupungua.

Mkoani Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mradi wa Tulila wa megawati 5 kwenye Mto Ruvuma, uliokamilika mwaka 2015. Umeme wake ulipelekwa katika mtandao wa Songea, uliokuwa ukitegemea dizeli. Kiwanda cha sukari cha TPC wilayani Moshi huuza ziada ya umeme unaotokana na mabaki ya miwa.

Gridi inapofika

Mwaka 2018 njia ya kusafirisha umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na mkoa wa Ruvuma ukaunganishwa na gridi ya Taifa. Kwa mwananchi hiyo ni habari njema. Kwa mzalishaji mdogo aliyekopa fedha akitegemea bei ya mtandao wa dizeli, ujio wa gridi huibua swali la iwapo mkopo utalipika kwa bei mpya.

Kanuni zinatambua hali hiyo. Mwenye mtandao mdogo anaweza kubaki mzalishaji na kuiuzia TANESCO umeme wake wote. Anaweza pia kuwa msambazaji, akanunua umeme wa gridi kwa bei ya jumla na kuwauzia wateja wake, au akafanya yote mawili. Iwapo miundombinu yake inachukuliwa, suala la fidia hushughulikiwa kwa masharti ya kanuni. Nguzo na nyaya zisizojengwa kwa viwango vinavyokubalika haziwezi kuunganishwa na gridi, hivyo anayejenga kwa bei rahisi leo huenda akapoteza haki ya kuuza kesho.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkopo, mwendelezaji anashauriwa kuulizia REA na TANESCO mpango wa kufikisha gridi katika eneo lake, kujenga kwa viwango vya gridi tangu siku ya kwanza, na kuhakikisha kwamba mkataba wake unaeleza bei itakayotumika siku mitandao hiyo miwili itakapokutana.