Kanisa Dogo la Vitisho

Wenzangu wa kalamu, kutisha watu si lazima uwe na mapesa. Mwaka 1897 Oscar Méténier alifungua Grand-Guignol mjini Paris, ndani ya kanisa dogo la zamani, viti 293 tu. Mtazamaji alikaa karibu kabisa na kisu! Mkutubi André de Lorde aliandika michezo zaidi ya 100, mingine pamoja na mwanasaikolojia Alfred Binet, maana wazimu wa jirani hutisha kuliko zimwi. Katikati waliweka vichekesho: ukishacheka, ndipo unanaswa. Lakini baada ya vita vya 1939–1945, nani tena angeogopa damu ya rangi? Mwaka 1962 wakafunga. Hofu nayo huchakaa, jamani. Tuandike inayowanyima watu usingizi leo.